Kanga wa Ufukweni Nkome

Jana dukani nilinusa sukari guru, nikatoka bila kununua nilichotumwa. Naandika leo leo, nisije nikaahirisha tena.

Ule mwaka wa nzige tulikuwa Nkome, ufukweni mwa ziwa. Mashamba yalikwisha mpaka mabua. Baba alirudi kutoka kuchimba dhahabu Nyarugusu amekonda, suruali kaifunga kwa kamba, na mama hakuwa na kitu cha kumpa ila uji mwepesi kama maji ya kunawa.

Asubuhi moja nikaona kanga. Kanga ni ndege wa porini, mwoga, ukikohoa tu kesharuka. Hawa walikuwa mchangani katikati ya yangeyange, wanadonoa vichwa vya dagaa, wanakunywa maji, wanakunywa tena. Walitembea kama wazee wanaotoka msibani. Nilimkamata mmoja kwa mikono, mimi mtoto wa miaka tisa!

"Siku hizi kanga wana adabu," baba alicheka. "Wanajileta wenyewe sufuriani." Akasema bismillahi, akamchinja.

Kwetu firigisi ni ya baba. Mama akanipa niisafishe. "Ipasue, uimenye ile ngozi ya ndani. Usiharakishe, ng'wanone, mwanangu."

Nilipoipasua zilitoka pumba, zinanukia tamu, sukari guru kabisa. Nikaona kanga huyu kala vizuri kuliko sisi. Kumenya kunachosha. Nikaisuuza tu, nikaichoma makaani, nikampelekea baba kwa mikono miwili.

"Tamu," alisema huku akitafuna polepole. "Nani kakufundisha?"

Nyama tulikula wote, na wote tuliumwa tumbo. Baba alitapika usiku kucha, na kesho yake jioni tukamzika.

Nilipokuwa sekondari ndipo mwalimu alipotueleza, kama jambo la kawaida tu, jinsi serikali ilivyomwaga mashambani pumba zenye sumu ili kuua tunutu, yaani nzige wasioota mabawa. Pumba ziliungwa sukari guru ziwavutie. Anayekula sumu ile, alisema, hushikwa na kiu kali. Nikaomba ruhusa, nikatoka nje.

Mama sijamwambia. Ila sasa nakumbuka kwamba tangu siku ile hakunipa tena firigisi niisafishe. Aliimenya mwenyewe. Na kila mtu alipouliza baba alikufa na nini, mama aliwahi kujibu kabla sijafungua mdomo:

"Maji ya machimboni."