Laptopu Niliyoipima kwa Shubiri

Siku niliyonunua laptopu kwa mara ya kwanza pale Garsen, mwanangu, naikumbuka hata shati nililovaa. Lilikuwa jeupe, nimelipiga pasi ya makaa mpaka kola ikasimama yenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka kusomea uchapaji Malindi, na wakulima wa kwetu Golbanti walikuwa wamenichagua kuwa katibu wa kikundi chao. Ukimpa kijana cheo na shati jeupe kwa pamoja, usitegemee akili ibaki kichwani.

Nakwambia haya kwa sababu nasikia unataka laptopu ya kuendea chuoni. Jana umenionyesha picha kwenye simu, ukazikuza kwa vidole, ukanisifia rangi. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini keti kwanza, chai ipo.

Mwaka ule mto ulikuwa umefurika. Ulikula mahindi, ukala migomba, na mbegu za mpunga tulizokuwa tumeziweka akiba zikaoza zote. Maji yalipoanza kushuka tukaletewa habari kwamba mbegu zitagawiwa Garsen, ila kwa orodha iliyochapwa, na asiyekuwa kwenye orodha hapati. Nawe wajua shamba la bondeni halimngojei mtu. Tope likikauka hujapanda, msimu umekwenda. Basi kikundi kikachanga, nikatumwa nikachague laptopu ya kazi hiyo.

Dukani zilikuwapo mbili. Moja ndogo, nyeusi, haina mbwembwe, na kioo chake haking'ai. Ya pili pana, nzito, kioo kinameremeta hata waweza kunyolea ndevu. Sasa sisi watu wa mto tuna ugonjwa wetu. Mtumbwi kwetu husifiwa kwa upana, maana mwembamba utakupindua wewe na magunia yako. Mimi nikafanya nini? Nikatandaza kiganja changu mbele ya watu, nikaipima ile kubwa kwa shubiri, kama fundi wa mitumbwi. Nikasema, naam, hiki ndicho chombo.

Mama mwenye duka akaniambia, "Ichape kidogo basi, uvione vitufe." Nikakataa. Niliona haya kujaribu mbele za watu, nisije nikadhaniwa sijui kazi.

Pembeni alikuwa ameketi Mzee Guyo, Muorma, mchuuzi wa ng'ombe, anangoja simu yake ijae chaji. Akaniuliza, "Kijana, hiyo umetembeza?"

Nikacheka. Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha chuo, "Mzee, chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Hiyo ni maneno ya mwenye kuuza," akasema, akarudi kutazama simu yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu lilianza kuniuma njiani. Kwenye pikipiki ule mkanda wa begi ulinikata bega, na kwenye mtumbwi nikaipakata laptopu mapajani mpaka miguu ikafa ganzi. Nikajiliwaza kwamba kitu kizito ndicho kitu bora. Mtu akishajidanganya mara moja, mara ya pili huwa rahisi.

Jumapili baada ya ibada watu wakakusanyika nje ya kanisa kutaja majina. Kwetu kivuli ni cha wazee na wenye watoto mgongoni. Katibu akiwa kijana, meza yake huwekwa juani, na hilo halina mjadala. Nikaketi, nikafungua laptopu, na mtu wa kwanza niliyemwona kwenye kile kioo ni mimi mwenyewe. Niliiona kola, nikaiona pua na jasho linavyotiririka. Maandishi yalikuwa chini ya uso wangu huko, nasikia tu vitufe vikilia. Na vitufe vyenyewe, mwanangu, vilikuwa vigumu, ukibonyeza ni kama watwanga, na kimoja ukikigusa kinazama hakirudi.

Ningesema tu, "Jamani sioni, tuingieni kanisani," mambo yangeishia hapo. Kuuliza si ujinga, na kukiri huoni si ujinga pia. Lakini lile shati jeupe likanikataza. Nikawa natikisa kichwa, "Ndiyo, nimeandika, mwingine," na watu wananiamini. Betri ilipoanza kulegea nikafunga bila kumsomea mtu hata jina moja. Kesho yake nikaenda kuchapisha Garsen, nikawakabidhi wagawaji karatasi bila kuisoma.

Siku ya mgao tulikwenda wengi. Kati yetu alikuwamo Mama Hawayu, mjane, jirani yetu mlango kwa mlango, aliyenifundisha kusukuma mtumbwi kwa pondo nikiwa mdogo. Alikuja na gunia lake amelikunja vizuri kwapani. Majina yakaitwa, watu wakapokea, wakafunga mizigo yao. Orodha ikaisha. Mama Hawayu bado amesimama na gunia limekunjwa vilevile.

Akanijia polepole. "Buya mwanangu," akaniita, "kwani mimi si mtu wa Golbanti?"

Nikaomba ile karatasi, nikaona jina la jirani wa kulia na jina la jirani wa kushoto, na katikati hamna kitu. Nilimruka. Wagawaji wakasema karatasi ndiyo karatasi, na ukweli ni kwamba aliyeichapa ni mimi. Nikafungua mfuko wangu wa mbegu nikamiminia gunia lake. Yeye anakataa, mimi namimina, mpaka mfuko ukabaki mtupu. Niliona aibu, mwanangu, na sijaimaliza hadi leo.

Siku ya mnada nikamtafuta Mzee Guyo katikati ya mifugo nikamsimulia yote. Hakunisuta. Alinishika mkono, akanipeleka mbele ya dume moja lililokuwa zizini, na kweli lilipendeza. Akaamuru litolewe. Lilipotembea kidogo tu juani, mguu wa nyuma ukaanza kuchechemea.

"Ndani ya zizi ng'ombe yote nono," akasema. "Toa nje. Jua ipige, tembeza, nywesha maji. Halafu ndiyo uliza bei."

Tulikwenda pamoja dukani. Mama mwenye duka alikuwa mwema, akakubali kunibadilishia ile kubwa kwa ile ndogo. Safari hii nikaomba ruhusa, nikatoka nayo barazani kwenye jua la saa sita. Nikakaa chini, nikaandika kijiji kizima kwa kichwa, nyumba baada ya nyumba, watu wanapita wananishangaa. Kila jina nililiona. Vidole vikaenda vyenyewe. Halafu nikaitia begani, nikatembea mpaka stendi ya mabasi na kurudi, Mzee Guyo nyuma yangu anachechemesha mguu kwa makusudi na kucheka.

Msimu ule sikupanda mpunga. Mama Hawayu alipovuna, sahani ya kwanza ya wali aliileta kwetu. "Kula, katibu wa kioo," akaniambia. Jina likanata. Hata leo kuna vikongwe Golbanti hawanijui kwa jina jingine.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Usinunue kwa picha, wala kwa upana, wala kwa kumeremeta. Itoe nje juani, na ukiiona sura yako zaidi ya maandishi, irudishe. Ikae begani mwako kwanza, maana utaibeba wewe, hataibeba muuzaji. Ichape mpaka vidole viseme. Na usiogope kuonekana mshamba mbele ya duka. Ushamba wa nusu saa ni afadhali kuliko aibu ya msimu mzima. Ukitaka kuijaribu, andika jina la mtu ambaye hungependa kumkosea, ulitazame kama unaliona.

Mimi jina la Mama Hawayu ndilo la kwanza kwenye kila orodha tangu mwaka ule. Sasa ni bibi kizee, anakuja na fimbo, na kila msimu lazima aniulize, "Nimo?" Namgeuzia kioo palepale juani. Kusoma hajui, lakini kidole chake hukiweka juu ya jina lake, hakosei.

Nenda basi, Mungu akutangulie. Akupe macho ya kuona na vidole visivyochoka, na popote utakapoandika majina ya watu, asikosekane hata mmoja.