Sinia Chini ya Kitenge

Mke wangu ameniwekea mezani kikombe cha maziwa ya unga. Nimeyakoroga, nimeyaonja, nimeyasukuma pembeni. Wewe rafiki yangu unayesoma, kama umekulia Goma unajua maziwa ni nini: ni yale yanayoshuka toka Masisi kwenye bidoni za manjano, bado yana harufu ya majani na ya moshi. Lakini barabara imefungwa tena, mambo yenyewe unayajua. Kamioni zangu zimelala kwenye parseli, hapa uani, kama ng'ombe wagonjwa. Na mimi, mutu ambaye jua halijawahi kunikuta ndani ya nyumba, nakaa. Natoka sebuleni hadi kwenye geti, natoka kwenye geti hadi sebuleni, na mbwa amechoka kunisindikiza.

Usinionee huruma, sijazoea. Shule niliiachia primeri, na leo wenye diplome wananiita patroni na wanasimama nikiingia. Dubai nimekula kondoo juu ya wali, nikikaa chini na matajiri. Guangzhou nimekula kwa vijiti mbele ya Wachina waliokuwa wamejiandaa kunicheka, na hawakucheka. Kampala, Kinshasa, Mombasa, kote nimekula na wenyeji na sikuaibika. Watu huniuliza: patroni, adabu ya kula na kila mutu ulijifunzia wapi? Wanafikiri nitataja hoteli. Nilijifunzia hapahapa Goma, mtaa wa Majengo, ndani ya nyumba ya mbao, msimu ule wa mvua niliofungiwa pamoja na nyanya yangu.

Tulimwita Koko. Alikuwa mama wa baba yangu, mutu wa ng'ombe kabisa, na baba alimteremsha toka Masisi aje mjini atibiwe mguu. Mama yangu alikuwa amekwenda kwao Rutshuru kujifungua. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua kwenye kamioni ya maharage, akapanda Masisi kama kawaida, na nyuma yake mvua ikakata barabara. Mlima ulimwagika wote njiani. Yeye akabaki ng'ambo ile, sisi tukabaki ng'ambo hii: Koko na mguu wake, na mimi.

Kila asubuhi Koko alifungua dirisha na kuangalia yale mawe meusi ya volkano. "Hapa ng'ombe angekula nini?" Aliuliza hivyo kila siku, akinitazama, utafikiri ni mimi niliyeyamwaga. Hakuniruhusu kwenda mbali. Nikisimama tu, alikuwa amekwisha kunishika shati.

Kwa kula, Koko alikuwa na sheria zake. Mutu mzima wa kwao hakutafuna mbele ya macho ya watu. Mashanza yake, yale maziwa ya kuganda, aliyanywa ameelekea ukutani, hata kwangu mimi mjukuu alijificha. Na si kila kitu kilikuwa chakula. Kuku? Ndege. Samaki? Nyoka aliyepotea njia. Fikiria mutu kama huyo, umuweke Goma, mji unaonuka sambaza, vile visamaki vya ziwa, toka ufukweni mpaka sokoni.

Halafu ukuta wetu na wa jirani ulikuwa mbao moja. Jirani huyo alikuwa mama wa Maniema, Mwislamu, mume wake shoferi wa masafa, mwanamke wa kicheko kikubwa. Mchana nilisikia kinu chake kikitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Jioni mawese yakapata moto, na harufu ikapita kwenye nyufa ikaja kunikalia kifuani. Kwake walikula wote kwenye sinia moja, chini kwenye mkeka, watoto, wageni, na yeyote aliyepita akisema hodi. Nilikuwa nachungulia. Koko akanivuta sikio: "Ukitia mkono kwenye sahani yao, kesho mtaa mzima utajua tumbo letu lina nini."

Na tumbo letu lilikuwa halina kitu. Mashanza yaliisha kwanza, kisha maharage, kisha viazi vitamu. Lakini Koko aliwasha moto vilevile. Aliweka chungu, akamimina maji, akafunika, ili moshi utoke na watu wauone. Mimi aliniamuru nikae mlangoni, nijipanguse midomo kama mutu aliyeshiba. Nilijipangusa mpaka ngozi ikaniwasha. Ndani, yeye alilala akageukia ukuta, na sauti yake ikawa inapungua. Nikaanza kusikiliza pumzi zake. Niliogopa. Akifa huyu, nitamwambia nani? Baba yuko ng'ambo ya ule udongo, mama yuko mbali, na mimi nimekatazwa hata kumwita jirani.

Siku moja, mvua ikinyesha, tukasikia: "Hodi kwa Koko!"

"Karibu. Tumekwisha kula," Koko alijibu, kabla ya mutu kumuuliza.

"Mumekula nini?"

"Chakula."

"Koko, moshi wenu hauna harufu. Nimeunusa, nimechoka kuunusa. Munapika maji?"

Jirani akaingia, akateremsha sinia toka kichwani, akaiweka chini. Wali mweupe, sombe inang'aa mawese, sambaza zimekauka vizuri pembeni. Mate yalinijaa mdomoni nikashindwa kuyameza.

"Asante, mama," Koko akasema. "Acha hapo. Sahani utachukua kesho."

"Ati niache? Kwetu mbuzi ndiye anaachiwa chakula. Mutu tunakula naye."

"Mimi nitafune mbele ya mke wa mutu? Afadhali nivue nguo kabisa."

"Basi tutakaa, Koko."

"Tukae."

Wakakaa. Sinia katikati, huyu huku, yule kule, na mimi mutoto natazama wali ukiacha kutoa mvuke. Hakuna aliyekasirika. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake, na heshima yenyewe ndiyo ilikuwa inatuua njaa. Koko hakuweza kula akionekana. Yule mama hakuweza kumpa mutu chakula bila kula naye. Mvua iligonga mabati, na mimi nikaona kweli tutafia pale, mbele ya chakula kilichopikwa.

Jirani akasimama. Nikajua anaondoka. Kumbe anafungua kitenge chake cha juu. Akafunga ncha moja kwenye msumari wa mlango, ncha nyingine kwenye kichwa cha kitanda, kikaning'inia kama ukuta. Kisha akasukuma sinia chini yake, nusu ikabaki kwake, nusu ikatokea kwetu.

"Mimi sikuoni. Weye hunioni. Lakini sahani ni moja. Unasemaje, Koko?"

Nilikuwa kwenye ncha ya kitenge, pale ambapo pande zote mbili zinaonekana, na niliuona mkono wake ukitoka, ukirudi, ukitoka tena. Ukagusa wali. Ukaenda mdomoni. Nikalia, na nilikuwa nakula huku nikilia.

"Hii nyekundu ni nini?" Koko akauliza.

"Mawese."

"Inanuka."

"Na weye unanuka siagi, nimekuambia kitu?"

Kitenge chote kikatikisika. Sikujua ni nani aliyecheka kwanza. Kisha nikaona vidole vya jirani vinatambaa polepole kwenye sinia, vinakusanya sambaza moja moja na kuzivuta upande wake, vinasukuma wali upande wa Koko. Koko aliona, akaendelea kula.

Tukala hivyo kila jioni mpaka barabara ilipofunguka na baba akarudi na bidoni ya mashanza. Koko alimimina kikombe cha kwanza, akakipitisha chini ya kitenge. Jirani alikunywa akakunja uso kama mutu aliyemeza kwinini. "Tamu sana, Koko!" akaita.

Nikisimulia haya, watu wanangoja niseme kwamba mwishowe kitenge kilishushwa, wakaangaliana. Hakikushushwa. Yule mama hakumwona Koko akitafuna hata mara moja, wala hakuomba kumwona.

Leo nimezungukwa na ukuta wa mawe, juu yake vipande vya chupa, nimeulipia mwenyewe. Nyumba ya upande wa kulia simjui mwenye nayo. Wanangu wanakula kila mmoja chumbani kwake, na simu mkononi. Nikikosa kula wiki nzima hapa ndani, na jina langu lote hili, hakuna atakayenusa.

Siku Koko alipopandishwa kwenye kamioni kurudi kwao, alinishika shati, akaniinamisha, akaninong'oneza sikioni: "Usimwambie yule mama kwamba yale majani yake yalikuwa matamu."

Sikumwambia. Koko alizikwa Masisi. Jirani alirudi Maniema nikiwa kijana wa kubeba mizigo, na huko akafariki. Siri yao hiyo nimebaki nayo mimi, ndani ya ukuta huu, na sina tena wa kumpelekea.

Yalikuwa matamu, mama. Alilamba vidole.