Mama wa Marehemu Alipotaka Kusema

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ile ya tisini, tumeketi matangani katika fleti ya Ixelles, mtaa wetu wa ugenini. Aliyekufa alikuwa shemeji yangu. Aliyemchoma kisu, huko London walikohamia, alikuwa dada yangu Zawadi, jioni moja baada ya kipigo kingine.

Wakili wa Zawadi alikuwa amenieleza kwa simu. Waingereza wakikutia hatiani kwa mauaji ni kifungo cha maisha, hakimu hana la kuchagua. Lakini ikithibitika kwamba ulichokozwa mpaka ukashindwa kujizuia, au kwamba mateso yameivuruga akili yako, kosa hushuka, na hakimu hupata nafasi ya kukuhurumia. Basi alitafuta watu walioviona vipigo. Na sisi wa Ixelles tuliviona sote kabla hawajahama! Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mtungi ule ulikuwa umevuja mpaka barabarani.

Tonton Bahati, mkubwa wa ukoo wa marehemu, akakataa mtu yeyote wa kwetu kwenda kutoa ushahidi. "Bon, muntu akikufa hatumusemake mubaya. Mambo ya nyumba inabakia mu nyumba."

Wazee wakaitikia. Nami, msichana niliyelelewa kutojibu wakubwa, nikainamisha kichwa. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana.

Ndipo Maman Feza akainuka kwenye mkeka. Huyu ndiye mama mzazi wa marehemu.

"Alors, Bahati, ni weye ulimuzala? Miye nilimuona anapiga huyu bibi yake Zawadi, nikanyamaza. Mutoto yangu amekufa juu ya kunyamaza kwetu. Sasa munataka tuzike na mwingine? Miye ntaenda kusema."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo nani angembishia? Tonton aliomba maji ya kunywa.

Tukapanda ile treni ya chini ya bahari kwenda London. Maman Feza alisimama mahakamani akamsema mwanawe, huku analia. Raia waliowekwa kuamua wakarudi na neno: si mauaji, ni lile kosa dogo. Zawadi akapewa miaka michache. Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikamkumbatia hata karani nisiyemjua.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukimwona mtu anapigwa, sema angali hai, na anayempiga angali hai. Ukingoja mahakama, hata ukishinda utakuwa umeshazika. Mungu akupe kinywa chepesi mapema, na nyumba ambayo majirani wakiisikia, wasikie vicheko.