Mwanafunzi Aliyesinzia Dukani

Juzi jioni, kwenye duka la mikate Mji Mkongwe, mwanafunzi mmoja wa kike alisinzia kasimama, kichwa kakiegemeza kwenye kabati la kioo. Zamu yake ilipofika, muuzaji akamwita: "Bibie!"

Akashtuka, akakunja mikono kifuani. "Naam, mwalimu!"

Tukacheka wote tuliokuwa kwenye foleni, isipokuwa yeye.

"Mwanangu, si mshatoka skuli?" nikamuuliza.

"Skuli nshatoka, chuoni kusoma Kurani nshatoka. Sasa nnakwenda tuisheni."

"Na kulala je?"

Akafikiri kwa adabu, kama aliyeulizwa swali gumu darasani. "Hapo bado hatujafika."

Muuzaji akapunguza sauti ya redio, akamsogezea kiti. "Kaa, ntakwamsha."

Sisi tuliocheka tukaanza kunong'ona, tusimwamshe. Mtoto wangu mwenyewe alikuwa nje, kajilaza juu ya vespa, ananisubiri nimpeleke tuisheni.