Nilivyomaliza Mbio na Doti ya Kanga

Leo naweza kucheka, lakini siku ile wallahi ardhi ya Al Khoudh, hapa Maskati, ingepasuka ningeingia mzima mzima na viatu vyangu, maana aibu niliyoipata haina dawa. Video najua mmeshaiona, hata msikitini kuna bwana mmoja kila akiniona hushika kanzu yake kiunoni kama mwanamke anayejifunga kanga, halafu ananisalimia kwa adabu zake zote. Basi bora niwahadithie mwenyewe, kuliko kuyapata kwa watu wenye chumvi nyingi.

Mie nna kaka wawili, mmoja daktari, mmoja mhandisi, na sebuleni kwa Mama, kule Mabela, ukuta mzima ni picha zao na majoho yao na vyeti vyao. Mie mtoto wa mwisho, nna miaka arobaini na saba, kazi yangu alhamdulillahi si mbaya, lakini ukutani simo (nimo nusu bega, kwenye picha ya harusi ya daktari). Sasa niliposema nakimbia nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, na kwamba kila atakayemaliza ndani ya masaa matatu anavishwa medali, Mama aliinuka akaenda kutafuta nyundo. Akapigilia msumari katikati ya kaka zangu.

"Hapa pako, baba," akanambia.

Nilitoka pale machozi yananilengalenga, mtu mzima mie.

Nikafanya mazoezi miezi minne na binti yangu Mariya, anayesoma chuo kikuu, mpaka kitambi kikapungua na mke wangu akaanza kunitazama vizuri. Kosa langu lilikuwa moja tu. Siku moja kabla ya mbio, kwa kiherehere changu, nikatuma ramani ya njia kwenye kundi la ukoo kwenye simu, nikaandika chini yake, "Naomba dua zenu." Watu wengine wangeomba dua wakanyamaza. Wangu walikuja.

Na asubuhi yenyewe tukaamkia mvua, tena mvua ya upepo, baridi mpaka meno yanagongana. Nyie mnajua mambo ya Maskati, huku mvua ikinyesha hakuna anayejificha, watu wanapakia watoto na chupa za chai kwenye magari wanatoka kwenda kuitazama, kwa hiyo ukoo wangu ulipata sababu mbili za kutoka, mvua na mie. Kwenye mstari wa kuanzia Mariya akanishika bega, "Baba, tafadhali, usisimame popote," halafu akachomoka na vijana wenzake, nikamwona mgongo tu.

Kilomita nane za mwanzo, mashaallah, nilikuwa sijambo kabisa, maji yananichuruzika lakini pumzi iko, saa iko, msumari uko kichwani. Mara nikasikia, "Weee Hilali! Unatupita kama hutujui?" Shangazi yangu Zuena, dada wa marehemu baba, na magari mawili na watu tisa chini ya turubai. Sasa nambieni, ungefanyaje? Nikasimama, kidogo tu. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, habari za nyumbani, mkeo hajambo, mama mkwe mguu wake umepoa, na watu wote tisa lazima niwape mkono, na mkono wa mtu mzima huupokei huku unarukaruka (nilijaribu, shangazi akaniuliza kama nataka choo).

Halafu akaitazama kaptura yangu. Kavu ilikuwa na heshima zake, inafika chini ya magoti, lakini ilivyorowa ikaning'ang'ania, hakuna kilichobaki siri.

"Astaghfirullah! Mtoto wa kaka yangu, mwili wote nje mbele za watu? Na baridi hii?"

Sijajibu, ameshatoa doti ya kanga kwenye gari, upande mmoja kanifunga kiunoni, wa pili kanitandika kichwani na mabegani, na fundo alilopiga mie mwenyewe sikuweza kulifungua. Imeandikwa MWENDA POLE HAJIKWAI. Kitumbua mkononi, nikaruhusiwa kuondoka.

Jamani, mmeshawahi kukimbia na kanga iliyorowa? Hukimbii, unapiga hatua za bibi harusi. Magari yananipigia honi, watoto wanapiga picha, na yule kijana wa pikipiki anayefuata watu wa nyuma akawa ananiambia, "Yalla, ammi, yalla!" (yalla ni haya twende, ammi ni baba mdogo, mie niliyejiona kijana). Nikamwambia nakuja, usinihesabu nimeshindwa. Na kwa kweli nilikuwa nakuja, kwani kwenye kilomita ya kumi na nane zilikuwa zimebaki dakika ishirini na sita, na hata kwa kanga ningefika.

Pale ndipo alipokuwa Mama.

Yupo ndani ya gari la jirani, kioo kimeshushwa, blanketi magotini. Hakupiga kelele kama shangazi. Alisema tu, "Baba."

Nikasimama.

"Unatetemeka. Kunywa chai hii, yote, usije ukaniugulia." Chai ya tangawizi, imetoka kwenye chupa inafuka moshi, moto wa kuunguza ulimi. Nikapuliza. Nikaitazama saa, nikapuliza tena. Ningeweza kumwambia, Mama, msumari wako unanisubiri, lakini alikuwa ananitazama nilivyokishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, na uso wake umejaa furaha, sikuweza. Nikanywa mpaka chembe za tangawizi, dakika saba zikaondoka.

Nilipofika mwisho saa inaonyesha masaa matatu na dakika nne. Mtangazaji akaniona kwa mbali, kanga kichwani, akapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Mpigieni makofi mama huyu shujaa!" Watu wakalipuka kwa makofi, na mie nikainua mkono kushukuru, wakaona ndevu, basi vile vicheko, we acha tu. Kwa aibu nikaongeza mwendo, nikaikanyaga kanga, nikaanguka kifudifudi nikateleza kwenye maji nikauvuka mstari kwa tumbo. Mwenda pole hajikwai! Medali zilikuwa zimeshafungwa kwenye maboksi. Mariya akataka kunivua aibu kwa kunipa yake, nikakataa, ya kwake kaitolea jasho.

Jioni nikaenda kwa Mama, nimebeba kanga ya watu na karatasi ya namba yangu iliyokunjamana kwa mvua. Macho yake moja kwa moja kifuani kwangu.

"Iko wapi?"

"Sikupewa, Mama. Nilichelewa."

"Kwa ajili ya chai yangu?"

"La hasha, kwa ajili ya kanga ya shangazi," nikasema (Mungu anisamehe, na shangazi pia).

Hakuniamini, namjua. Akaichukua ile karatasi, akainyoosha kwa kiganja juu ya paja lake, akaenda kuitundika kwenye msumari, pale pale katikati. Na toka siku ile kila mgeni akiingia, hata kabla ya kahawa, anaonyeshwa: huyu daktari, huyu mhandisi, ukiwapigia simu wako mkutanini, na huyu hapa alikuwa mbioni, watu wote wanamwona, nikamwita mara moja tu, akasimama.

Nimeapa, ramani haitumwi tena kwenye kundi la ukoo, hata nikibembelezwa. Mwakani njia nitamwambia Mama peke yake, akae pale pale kilomita ya kumi na nane, ila chai aje nayo imeshapoa.