Fundi pampu aliyeyapa magurudumu ya nyuma kazi

Saa moja na nusu asubuhi. Mvua imekatika sasa hivi, na miguu miwili inachungulia kutoka chini ya gari dogo la kijivu lililoinuliwa kwa jeki na magogo. Soksi moja ni ya bluu, nyingine nyeusi. Huko chini spana inalia, kisha inasikika sauti ya mwanamke.

"Mama, naomba ile ya kumi na saba."

Pembeni, kwenye stuli, ameketi bibi wa miaka sabini na mmoja akifuma sweta ya shule. Anaweka sindano mapajani, anapapasa ndani ya ndoo ya spana, anatoa moja na kuisukuma kwa ncha ya kandambili mpaka inagota kwenye mkono unaosubiri.

"Hii ni ya kumi na tisa, Mama."

"Basi irudishe. Mimi nimekaa hapa kufuma, sikuajiriwa."

Mwenye miguu ni fundi wa pampu za maji, mama wa watoto wawili, umri miaka thelathini na minane. Mtaa mzima unamwita Mama Pampu. Mwenye kandambili ni mama mkwe wake. Na gari hilo lilitoka kiwandani likivutwa na magurudumu ya mbele tu. Ya nyuma yalikuwa yanafuata "kama wageni waalikwa," anavyosema mwenyewe.

Leo, baada ya miezi saba ya kukata, kuchomelea na kubishana hapa uani, magurudumu yote manne yanatakiwa kuvuta. Leo gari linapelekwa mlimani.

Husemwa penye nia pana njia. Mama Pampu nia alikuwa nayo siku nyingi. Njia ndiyo iliyokuwa inateleza. Pampu anazozihudumia ni kumi na tisa, na kumi na moja kati ya hizo ziko ng'ambo ya mlima. Siku moja ya kazi huko inamlipa sawa na siku nne za mjini, kwa kuwa mafundi wengine hawaendi. Wakati wa kiangazi hata teksi hupanda. Mvua ikinyesha, zile kilomita mbili na nusu za udongo mwekundu hugeuka kitu kingine kabisa. Madereva wanauita mlima wa sabuni.

Masika yaliyopita pampu ya zahanati ya huko juu ilikufa. Alipakia mota mpya na mabomba manane, akaondoka asubuhi. Kwenye kona ya pili magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure. Gari likarudi kinyumenyume, upande upande kama kaa, likalala mtaroni. Kesho yake akarudi tena. Na keshokutwa.

"Nikipakia mabomba nyuma halafu nikapanda, uzito wote unahamia nyuma," anaeleza, akichora kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa gari. "Mbele panabaki pepesi. Yanayovuta hayana uzito, yenye uzito hayavuti. Sasa hapo unategemea nini? Dua?"

Siku ya tano watu walishuka kutoka zahanati, wakaibeba mota mabegani. Kwa siku zote hizo wauguzi walikuwa wakichota maji mtoni kwa ndoo, pamoja na maji ya kuwaogesha watoto waliozaliwa wiki hiyo. Muuguzi mkuu hakumlaumu. Alimwambia tu: "Tulikuwa tunakusikia ukinguruma huko chini kila siku."

"Angenitukana ningelala vizuri zaidi," anasema Mama Pampu.

Gari la maana, lililozaliwa na nguvu ya magurudumu manne, lingemla mapato ya miaka mitatu. Hilo aliliweka kando. Lakini siku moja, akitafuta bomba kwenye yadi ya vyuma chakavu, aliona gari kama lake lilelile, limepinduka, paa limebonyea mpaka kwenye viti. Akainama kuchungulia uvunguni, kwa mazoea tu ya fundi. Akaona chuma kirefu kimepita katikati, kutoka mbele hadi nyuma: propela. Na huko nyuma, difu zima, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, limening'inia salama.

"Moyo ulipiga pa! Nikajiambia, kumbe hili langu lina ndugu yake, ila ndugu kazaliwa na miguu minne."

Alinunua sehemu yote ya chini ya gari hilo. Giaboksi ya gari lile ilikuwa imepasuka, kwa hiyo alitafuta nyingine yenye mdomo wa propela kwa muuzaji mwingine, ambaye aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni pacha wa ile ya kwanza.

Nyumbani hawakupokea habari hizo kwa vifijo. Uani ndipo nguo zinapoanikwa, na ndipo mama mkwe anapoota jua. "Nilimuuliza mwanangu," bibi anasema bila kuinua macho kwenye sweta, "hivi wewe uliniletea mkwe au uliniletea gereji?"

Mwanawe, mume wa Mama Pampu, ni kinyozi, na kijumba chake cha kunyolea kiko nje ya geti. Wateja wake waligawanyika. Nusu walisema gari lile halitatembea tena milele. Nusu nyingine walisema litatembea, ila kinyumenyume.

"Siku ya kukata sakafu nilifunga duka nikaenda zangu mbali," kinyozi anakiri. "Mke wangu anakata gari linalotembea! Gari linalotulisha! Sikutaka hata kusikia ule mlio."

Mama Pampu alikata. Sakafu ya nyuma aliitoa, akachomelea mahali pake kipande cha gari lililopinduka, chenye vishikio vya difu. Kuchomelea si jambo geni kwake, maana minara ya matangi ya maji huijenga mwenyewe. Tangi la mafuta la zamani lilikaa kwenye njia ya propela. Akalitoa, akafunga la lile gari ndugu. Bomba la moshi akalisogeza pembeni. Siku za wiki alikwenda kazini kwa pikipiki ya kukodi, mabomba begani. Jumamosi na Jumapili alilala chini ya gari.

Mwezi wa sita wa kazi hiyo aliwasha injini, akatia gia, na gari likasogea. Majirani wakapiga vigelegele. Kinyozi akatoka nje na mkasi mkononi, akimwacha mteja na nusu kichwa.

Furaha ilifika getini. Alipokata kona kutoka nje, gari lilinung'unika, matairi yakalia kwenye lami kavu, na usukani ukawa mzito kama umeshikwa na mtu. Mizunguko miwili ya mtaa, difu likawa la moto kiasi cha kutoshikika.

"Ilikuwa kama watu wawili wamebeba kabati, mmoja anakimbia na mwingine anatembea," anasema. "Lazima kitu kivunjike. Kabati, au mgongo."

Alikagua matairi, yote yalikuwa saizi moja. Akabadilisha mafuta ya difu. Akafungua, akafunga. Wiki tatu zikapita, na kinyozi akaanza kuzungumzia kwa upole habari za kuuza vyuma. Mama Pampu hakula vizuri, na bibi aliliona hilo kabla ya wengine.

"Mwanangu," alimwambia Jumapili moja, "hicho chuma cha mbele na hicho cha nyuma, vinatakiwa kwenda sawa?"

"Sawasawa kabisa, Mama. Gurudumu likizunguka mara moja, propela lazima izunguke idadi ileile, uanzie mbele au uanzie nyuma."

"Umehesabu?"

Muuzaji alikuwa ameapa. Mama Pampu hakuwa amehesabu.

Wakaliinua gari lote, wakaifungua propela. Mama Pampu akashika gurudumu moja la mbele, mumewe la pili, wakayazungusha pamoja polepole, mara kumi kamili. Bibi aliketi kwenye mkeka kando ya gari, shingo ameinamisha, macho kwenye alama ya chaki aliyoichora mwenyewe kwenye mdomo wa giaboksi. Kisha wakahamia nyuma, kwenye alama nyingine ya difu, mara kumi tena.

"Mbele arobaini na moja," bibi akasema. "Nyuma thelathini na saba."

"Mama, haiwezekani. Umeruka mahali."

Kinyozi anasema hata kuku wa uani walisimama. Mkwe kumwambia mama mkwe ameruka mahali!

"Mwanangu," bibi akasema taratibu, "nimehesabu vishono miaka arobaini. Nikikosea kimoja, mkono wa sweta unakwenda kombo na mtoto wa watu anachekwa shuleni. Zungusheni tena."

Wakazungusha tena. Arobaini na moja. Thelathini na saba.

Mama Pampu alikaa chini kwenye udongo, mikono imejaa grisi, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wiki tatu alikuwa anapigana na jini. Sasa jini lilikuwa na jina, tena jina lenyewe ni tarakimu. Kilichobaki ni kutafuta difu la arobaini na moja.

Akambusu mama mkwe wake shavuni na kumwachia alama nyeusi ya grisi. "Sikuifuta mpaka jioni," bibi anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anainua macho.

Kuanzia hapo bibi hakuwa tena mtazamaji. Walizunguka yadi za vyuma wakiwa wawili, mkwe na spana zake, mama mkwe na chaki yake. Hakuna neno la muuzaji lililopokewa kabla ya kuhesabiwa. Yadi ya tatu ndiyo iliyokuwa nalo.

"Yule bibi alinizungushisha difu mara tatu," anakumbuka mwenye yadi. "Ya kwanza nikadhani amemaliza. Kumbe alikuwa anajitambulisha tu."

Jumamosi mbili zikatosha kulifunga. Safari hii kwenye kona ya getini gari lilipita kimya, kama paka. Likapelekwa kwa mkaguzi wa magari, ambaye alilala chini yake muda mrefu. Mama Pampu akadhani atalikataa. Mkaguzi alipotoka alijaribu breki, akauliza nani amechomelea, akaambiwa, akauliza tena kana kwamba hakusikia, kisha akagonga muhuri.

Uani, spana ya kumi na saba imepatikana. Mama Pampu anakaza bolti ya mwisho ya kava la chini, anajiburuta nje, anajifuta mikono. Nyuma ya gari kuna mabomba manane na sanduku la vifaa. Zahanati inataka pampu ikaguliwe kabla mvua kubwa hazijaanza.

"Subiri basi pakauke kidogo," mumewe anamshauri, akitazama mawingu.

"Pakikauka tutakuwa tumejaribu nini?"

Anafungua mlango. Kiti cha abiria kimekwisha kukaliwa. Bibi amefunga mkanda, sweta yake mapajani.

"Mama, huko kunateleza."

"Aliyehesabu ni mimi. Endesha."

Chini ya mlima kuna lori limeegeshwa, dereva wake anakunywa chai na kusubiri jua. Anawaonyesha kwa mkono: msijisumbue. Mama Pampu anatia gia ya kwanza, hakanyagi sana, anaachia klachi kama anayeweka mtoto aliyelala kitandani.

Gari linapanda. Kona ya kwanza inapita. Udongo unarushwa madirishani, mabomba yanagongana nyuma. Kwenye kona ya pili, palepale, magurudumu ya mbele yanaanza kuzunguka bure. Pua ya gari inahama kushoto. Mama Pampu anabana meno, mguu wake hautoki kwenye mafuta.

Halafu kitu kinawasukuma.

"Nani huyo?" bibi anashtuka, anageuka nyuma kabisa, kana kwamba atamwona mtu ameegemeza bega kwenye buti.

"Ni difu lako, Mama! Difu lako linasukuma!"

"Kanyaga, mwanangu! Kanyaga!"

Wanapanda. Wanapiga kelele wote wawili, mkwe na mama mkwe, kelele zisizo na maneno. Kona ya tatu, ya nne, mtaro uko kulia na magurudumu hayaendi huko. Mlima unalegea, anga inafunguka, na ghafla mbele yao kuna ukuta mweupe wa zahanati na wanawake waliosimama na watoto mgongoni, wanatazama gari jekundu ambalo lilipoanza safari lilikuwa la kijivu.

Mama Pampu anazima injini. Hashuki mara moja. Mikono yake iko kwenye usukani na machozi yanamtoka, naye anacheka.

Muuguzi mkuu anatoka mlangoni akifuta mikono kwenye aproni. Anatazama gari, anatazama mlima, anatazama gari tena.

"Shikamoo, Mama," anamsalimu bibi kwanza, kisha anamgeukia fundi. "Mmepandaje leo?"

"Tumepanda tu, dada," Mama Pampu anajibu.

Anashusha vifaa, anaanza kazi. Baada ya saa moja na nusu pampu imesafishwa, maji yanatoka mazito na meupe kabla ya kuwa maangavu. Anaosha uso kwa maji hayo, ndipo anapoiona njia nyembamba iliyopita nyuma ya zahanati, ikashuka bondeni na kupotea kwenye miti.

"Hii barabara inaishia wapi?"

"Haiishii," muuguzi anasema. "Magari ndiyo huishia hapa. Kule mbele kuna vijiji vitatu, na visima vitatu. Kimoja pampu yake imekufa mwaka wa pili sasa. Wagonjwa wangu wa matumbo wengi wanatoka huko."

Mama Pampu anakausha mikono polepole. Ndoto yake, anasema, si gari. Anataka siku mbili kila wiki ziwe za huku ng'ambo, masika na kiangazi, ili kijiji kisikae miaka miwili kikitazama bomba kavu kwa sababu tu fundi alishindwa kona ya pili. Muuguzi mwenyewe amekwisha kumuuliza kama gari la chanjo nalo linaweza kukatwa sakafu. Amemjibu kwamba linaweza, ila mtu wa kuhesabu ana ratiba yake.

"Hicho kisima cha kule," anasema akiitazama njia, "nitakuja kukiona Jumamosi ijayo."

Bibi yuko kwenye kiti chake, mkanda amefunga, sindano zinakwenda.

"Jumamosi ijayo kwa nini? Mafuta yamo?"

"Yamo, Mama."

"Basi pakia vifaa vyako. Jua bado liko juu."