Nukta Iliyofika Mapema

Katika ofisi ile ya waongoza wapanda mlima hapakuwa na kiti kilichobaki kipya kama cha mtunza stoo. Mwenyewe hakuwa na tabia ya kukikalia. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi akiwa wima, mara rafuni, mara kwenye kaunta, mara uani, na wenzake waliomwita Dada Chaji walikuwa wakitaniana kwamba siku atakayoketi, umeme utakatika mji mzima.

Alikuwa amesomea ufundi wa redio katika chuo cha ufundi stadi, enzi ambazo televisheni bado zilikuwa na mgongo. Masomo yale yalimwachia mambo mawili: mikono isiyotetemeka na mashaka yasiyokwisha. Kila asubuhi alivitoa vifaa vya setilaiti, vidude vya rangi ya chungwa vinavyoenea kiganjani, akavipanga uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale palipokuwa na anga wazi kati ya tangi la maji na ukuta. Alisubiri kila kimoja kilie "tii", kisha akakibandika kipande cha plasta chenye tarehe ya kuchajiwa. Kiongozi aliyechukua kifaa alitundika kibati cha jina lake kwenye ndoano ya ubao. Kifaa kiliporudi, kibati kiliondoka. Huko juu mlimani minara ya simu haifiki, hivyo kidude ndicho kilichopeleka na kupokea ujumbe mfupi, na kila baada ya dakika kumi kikatuma habari ya mahali kilipo, na nukta yake ya kijani ikaonekana kwenye kompyuta ya stoo.

Juu kabisa ya ubao ule palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa chaki, kila herufi imesimama kama askari: UJUMBE WA SALAMA KUTOKA KAMBINI UFIKE KABLA YA SAA TISA ALASIRI. Kiongozi aliyechelewesha ujumbe huo alisomwa jina Jumatatu, mbele ya wenzake wote, kwa sauti ya hakimu. Dada Chaji hakufanya hivyo kwa ubaya. Baada ya saa tisa, kila dakika iliyopita bila ujumbe ilimtembea mwilini kama sisimizi.

Wiki hiyo sisimizi walikuwa wengi kuliko kawaida. Meneja alikuwa ametangaza kwamba simu janja za kisasa zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti zenyewe, bila mnara, na kwamba siku ya Ijumaa angetoa uamuzi kama vidude viendelee kutumika au vistaafu. Wa kwanza kununua simu ya aina hiyo, bila shaka, alikuwa mdogo wake Dada Chaji, kiongozi mrefu kuliko wote, ambaye hata mama yao mzazi alikuwa amezoea kumwita Twiga.

Jumatano asubuhi Twiga alifika kaunta akiwa na mgeni mmoja, mwalimu mstaafu aliyevaa bandeji za magoti juu ya suruali.

"Shikamoo dada. Hebu nipe tofali lako niende zangu."

"Marahaba. Tofali halizimiki eti kwa sababu umepiga ndege picha arobaini."

"Lakini simu hii inazungumza, dada! Unaielekeza angani, unafuata mshale, inaipata setilaiti, inakuuliza: nani ameumia, ameumia wapi, mko wangapi? Kidude chako kinauliza nini? Kazi yake kulia tii, kama kifaranga."

"Na ukivunjika mkono, mshale utaufuata kwa meno? Hiki unafunua kifuniko, unabonyeza, halafu unaendelea kulia."

"Mimi silii."

"Ulilia juzi ulipong'atwa na siafu."

Mwalimu mstaafu alicheka mpaka akashika kaunta. Twiga naye alicheka, akatundika kibati chake, akakitia kidude mfukoni. Dada Chaji alikiona kwa macho yake mawili kikiingia mfukoni, na jambo hilo ndilo lililompa amani siku nzima. Katika fomu ya mgeni alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mdogo: *Magoti. Apitishwe njia ya korongoni, taratibu.* Njia ya korongoni ilikuwa ndefu lakini laini. Ile nyingine, ya mgongoni, ilipanda moja kwa moja kama ngazi, na waliipita wapagazi na mpishi tu.

Alhamisi, saa saba kasorobo mchana, kompyuta ilitoa mlio. Ujumbe kutoka kambi ya juu: Salama.

Dada Chaji aliandika SALAMA kwa chaki kando ya kibati cha Twiga. Saa mbili nzima na zaidi kabla ya muda! Dakika chache baadaye simu ya mezani ikaita, na hakuhitaji kuuliza ni nani. Mama yao hupiga kila Twiga awapo mlimani.

"Mwanangu, huyo mdogo wako kafika?"

"Amefika, mama. Tena amefika mapema."

"Haya. Sasa chakula kitapita kooni."

Alirudisha mkono wa simu mahali pake, akaanza kupanga betri. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Neno lile *mapema* lilikuwa limemkwama mahali, kama uzi wa nyama kwenye jino. Alikwenda uani, akarudi. Alifuta kaunta iliyokuwa imekwisha kufutwa. Mtu mwenye magoti yale, kutoka kambi ya chini saa mbili asubuhi, afike juu kabla ya saa saba?

Akafungua ramani na kuitazama njia nzima ambayo nukta ilikuwa imepita. Kwa kawaida alitazama mwisho wa safari tu: wamefika, basi. Leo alizihesabu nukta moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimepanda kwa njia ya mgongoni. Zilikuwa zimeachana kwa nafasi sawasawa, bila kusimama, bila kupumzika, bila hata dakika kumi za kula. Mgeni hapandi hivyo. Anayepanda hivyo ni mtu aliyebeba masufuria, anayeijua njia kama kiganja chake, na mwenye haraka ya kuwasha jiko.

Alifungua safari ya mwezi uliopita. Mgongoni, bila kusimama. Akafungua ya mwezi wa kabla yake. Ilikuwa vilevile, na haikuwa ya Twiga peke yake. Muda wote huo alikuwa amekodoa macho kwenye kompyuta akidhani anawalinda viongozi na wageni wao, kumbe alikuwa akimsindikiza mpishi.

Akaandika ujumbe kwenda kwenye kidude: *Twiga yuko nawe?* Akasubiri. Jibu halikuja. Pengine kidude kilikuwa juu ya jiwe, na mwenye kukibeba ameinamia sufuria. Dada Chaji alizunguka stoo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Saa nane na dakika kumi mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Mkuu wa waokoaji, ambaye kituo chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, mtu mzito asiyekimbia ovyo. Sasa alikuwa anahema, na mkononi ana karatasi.

"Dada, kituo cha dharura kimenipigia. Wamepokea ujumbe wa setilaiti kutoka simu janja. Namba ni ya mdogo wako. Mtu mmoja ameanguka, mguu, mahali ni korongoni. Wamemrudishia maswali, hajibu. Simu ilikuwa na chaji asilimia nne."

Dada Chaji aligeukia kompyuta: jibu la kidude bado.

"Sasa nisikilize," Mkuu aliendelea. "Mwezi huu simu hizi zimenipandisha mlimani mara mbili bure. Wa kwanza alibonyeza aone itakuwaje. Wa pili simu ilimdondoka, ikadhani amepata ajali. Nina kikosi kimoja, machela moja, na mwanga wa saa nne. Njia zinagawanyika pale getini, kwenye kambi ya chini. Nikishika ya korongoni kwa kengele ya uongo na huku kambini kuna shida ya kweli, siwezi kugeuza. Ubao wako unasema wako kambini, salama. Miaka kumi na mmoja ubao huu haujanidanganya. Nipe neno lako."

Angeweza kusema: ngoja kidogo, nasubiri jibu. Kesho ilikuwa Ijumaa. Meneja alikuwa amesimama mlangoni tayari, amevutwa na kelele, na kila neno lingeingia masikioni mwake. Miaka yote alikuwa amekula yamini kwa vidude vile. Na kama angekosea, kama mdogo wake alikuwa kweli kambini na simu ile inapiga kelele za bure, angekuwa amekipoteza kikosi kwa sababu ya wasiwasi wake, ule ule ambao ofisi nzima iliufanyia mzaha.

"Ubao wangu umedanganywa, Mkuu," alisema. "Nukta hiyo si ya mdogo wangu. Ni ya mpishi. Nenda korongoni."

"Una hakika?"

"Sina. Ila mgeni ana magoti mabovu, na nukta hii haijapumzika hata mara moja."

Mkuu alimtazama, akakunja karatasi, akatoka. Nje injini iliunguruma.

Kwa dakika ishirini na tano zilizofuata Dada Chaji hakuwa mtu. Alikuwa mguu unaokwenda na kurudi. Meneja alimsogezea kile kiti kipya. "Kaa basi, dada." "Kina misumari, bosi," alijibu bila kukitazama. Kisha kompyuta ikalia.

*Shikamoo dada. Mimi mpishi. Kiongozi bado. Huwa ananipa kidude nitangulie nacho, ili salama isichelewe. Nisamehe.*

Aliusoma mara mbili. Hakuwa na nafasi ya hasira; hasira aliiweka rafuni pamoja na betri, aichukue baadaye. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuandika: *Chukua mablanketi, maji ya moto na kamba. Kifunge kidude kifuani, usikizime. Shuka kwa njia ya korongoni mpaka uwaone. Sasa hivi.*

Nukta ikaanza kushuka. Kila baada ya dakika kumi ilisogea kidogo, na katikati ya nukta na nukta palikuwa na dakika tisa za kiza machoni pake. Mama alipiga simu. Meneja alinyoosha mkono aipokee, lakini Dada Chaji alimwahi.

"Mama, nilikwambia amefika. Hajafika. Nilikosea mimi. Wanamfuata sasa."

Sauti ya mama ikasema polepole, "Usikate simu, mwanangu. Iweke hapo mezani tu." Akaiweka, naye mama akabaki hapo mezani, akipumua.

Saa kumi na dakika ishirini nukta ilisimama. Ujumbe ulifuata: *Nimewaona. Mwalimu kavunjika mguu, anaongea. Kiongozi mzima, ana baridi. Nasikia filimbi za waokoaji chini yetu.*

Dada Chaji aliuinua mkono wa simu, akausomea mama maneno yale kama yalivyo, herufi kwa herufi, bila kuongeza lake.

Ijumaa asubuhi Twiga aliingia stoo na matope yaliyokauka mpaka magotini. Meneja alikuwapo, na daftari lake la mkutano kwapani.

"Kwa hiyo simu imeshinda," Meneja alisema.

"Bosi, ilikuwa na asilimia nne," Twiga alijibu kabla dada yake hajafungua kinywa. "Niliamka nayo imejaa. Picha za mwalimu, ramani, baridi, ikaisha. Nilipanda juu ya jiwe nikawa naizungusha kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Miti huku, kuta za korongo huku. Robo saa nzima kwa ujumbe mmoja. Ningekuwa mimi ndiye nimevunjika mguu, jiwe lile ningelipanda na nani?"

"Na kidude kilikuwa kambini kinachemsha chai," alisema Dada Chaji. "Ulikitia mfukoni mbele yangu. Kwa nini ulimpa mpishi?"

Twiga aliukuna ukingo wa kaunta kwa ukucha. Utani ulikuwa umemwishia.

"Kwa sababu yako, dada. Ulinisoma jina mbele ya watu Jumatatu tatu mfululizo. Mgeni anapanda polepole, saa tisa inapita, na mimi nimtazame mgeni au niitazame saa? Mpishi anafika mapema. Tukaona tukupe unachotaka. Sote tulifanya hivyo."

Dada Chaji alichukua kitambaa, akakilowesha, akaufuta mstari wa juu ya ubao. Chaki ya miaka kumi na mmoja haifutiki kwa mara moja. Herufi zilibaki kama vivuli, akazisugua hata mkono ukamuuma. Meneja alimtazama, akafungua daftari, akaandika kwamba simu na vidude vyote viendelee kwa msimu huu. Dada Chaji hakuuliza ameandika nini.

Wiki iliyofuata alishona mikanda tisa ya turubai, kila mmoja na kifuko cha kukaa kifuani, na fundo alilifunga yeye mwenyewe juu ya kila kiongozi anayeondoka. Aliwaruhusu kuchukua simu zao, mradi ziwe zimezimwa na kufungwa ndani ya soksi ya sufu, kwa ajili ya dharura tu. Walimcheka. Walivaa.

Twiga alipopanda tena mlimani, ujumbe wa salama ulifika saa kumi na moja kasorobo, umechelewa karibu saa mbili. Nukta ilikuwa imepitia korongoni, ikisimama-simama. Hilo halikumtosha. Alisimama mbele ya kompyuta, akaandika: *Siafu walikung'ata wapi?*

Alihesabu betri. Alikwenda uani, akarudi. Kompyuta ikalia.

*Kisigino, dada. Cha kushoto. Na sikulia.*

Akavuta kile kiti, akakikalia. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani. Baada ya dakika moja aliinuka, kwa kuwa palibaki vibati vingine vinane kwenye ubao, vya kuulizwa.